Kuskusi na Mchuzi wa Nyama: Mapishi na Ushauri kwa Wagonjwa

Kuskusi ni chakula kikuu cha Moroko, Aljeria, Tunisia na Mauritania. Mwaka 2020 UNESCO iliyatambua maarifa ya nchi hizo nne kuhusu kuskusi kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwa kuwa punje zake hufanana na nafaka nzima, wapo wanaodhani ni nafaka inayojitegemea, kama uwele. Dhana hiyo yaweza kumdhuru mgonjwa, kwani kuskusi ya kawaida ni ngano.

Kutengeneza punje

Suji ya ngano ngumu hutandazwa katika sinia pana. Mpishi huinyunyizia maji yenye chumvi kidogo kidogo, huku akiiviringisha kwa viganja hadi chenga zishikamane na kuwa punje. Unga laini huongezwa ili punje zisigandane, kisha huchekechwa. Madonge huvunjwa, na chenga zilizosalia huviringishwa upya.

Mchuzi na mvuke

Nyama ya kondoo au ng'ombe hukaangwa kidogo pamoja na vitunguu, tangawizi, manjano, pilipili manga na mdalasini. Huongezwa maji na dengu zilizolowekwa usiku kucha. Nyama ikianza kulainika, hutiwa karoti, kabichi na boga. Juu ya chungu huwekwa chombo chenye matundu kilichojazwa kuskusi, nayo huiva kwa mvuke wa mchuzi huo. Hupikwa hivyo mara mbili au tatu. Kati ya awamu hizo hutandazwa, hupakwa mafuta kidogo, hunyunyiziwa maji na kuchambuliwa.

Ushauri wa kiafya

*Kisukari.* Gramu 100 za kuskusi iliyoiva zina takriban gramu 23 za wanga na chini ya gramu 2 za nyuzinyuzi. Basi ihesabiwe kama wali, isiliwe kama nyongeza ya wali au mkate. Kuskusi ichukue robo ya sahani, mboga nusu, nyama na dengu robo iliyobaki. Familia inapokula katika sinia moja, kipimo hakionekani; ni vema mgonjwa apakuliwe sehemu yake kwanza, kisha aketi na wenzake.

*Shinikizo la damu.* Chumvi huingia mara mbili, katika punje na katika mchuzi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Viungo vikitosha, chumvi yaweza kupunguzwa bila kuharibu ladha.

*Ugonjwa wa seliaki.* Ngano na shayiri zina gluteni, ambayo huchochea kinga ya mwili wa mgonjwa kushambulia utumbo mwembamba. Kwake kupunguza kipimo hakutoshi, aziache kabisa. Hata mchuzi uliochemka chini ya kuskusi ya ngano haumfai, kwa kuwa punje hupenya matundu na kuangukia chunguni. Mbadala ni kuskusi ya uwele, ijulikanayo sana Senegal, au ya mahindi, mradi unga usichanganywe na ngano, na chekecheke na vyombo viwe vya kwake.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asitosheke kuuliza jina la chakula. Aulize pia kimetengenezwa kwa nafaka gani, kimetiwa chumvi kiasi gani na kimepakuliwaje. Majibu hayo ndiyo yatakayomwonyesha mgonjwa aache nini, na aendelee kula nini pamoja na jamaa zake.