Kwanza Ghala, Halafu Ngoma



Mvua zimekwisha. Mahindi na mtama vimevunwa. Pamba inachumwa. Sasa ni majira ya ngoma. Hapa Migato kila mtu anauliza: "Ngoma ni lini?"

Ngoma ni urithi wetu Wasukuma. Tangu karne ya 19 wachezaji wako pande mbili: Bagika na Bagalu. Bagika humfuata Ngika. Bagalu humfuata Gumha. Hao wawili walikuwa wachezaji na waganga mashuhuri. Siku ya mashindano pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja. Upande unaovuta watazamaji wengi ndio mshindi. Wengine hucheza na nyoka. Wengine hucheza na majembe. Hiyo ndiyo bugobogobo. Kule Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo hufanyika mwezi wa Juni. Watu hutoka mbali kuitazama.

Ngoma ni njema. Lakini ngoma huisha kwa siku chache, na mavuno mengine yako mbali. Mtu akimaliza mtama wake kwa pombe na sifa, wakati wa palizi atakosa chakula. Atakwenda kulima shamba la jirani ili apate unga. Shamba lake litaota majani. Mwaka ujao atavuna kidogo tena. Hivyo njaa huzaa njaa.

Tufanyeje basi? Tujiandae hivi:

1. Tupime chakula kwanza. Tuseme kaya yako hula debe 4 za nafaka kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni debe 48. Gunia moja ni debe 6. Kwa hiyo unahitaji magunia 8. Umevuna magunia 10? Funga 8 ghalani. Yanayobaki ni 2. Toa mbegu humo. Kinachobaki ndicho cha kuuza na cha ngoma. Michembe nayo iweke akiba.

2. Tukae mkutano. Wazee, vijana na akina mama wote waje. Mama ndiye ajuaye debe moja humaliza siku ngapi. Asiachwe nje ya hesabu.

3. Tuandike. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika kila kitu kinachotakiwa, nani atakileta, na siku gani. Andika kila shilingi iliyochangwa na iliyotumika. Baada ya ngoma, somea watu hesabu hiyo. Maneno ya mdomo huleta ugomvi. Daftari huleta amani.

4. Tutunze afya. Kipindupindu huenea upesi penye watu wengi na maji machafu. Tuchimbe vyoo mapema, mbali na kisima. Tuchemshe maji ya kunywa. Tuweke maji na sabuni ya kunawa mikono.

Ngoma zikiwambwa na ghala likiwa limejaa, utacheza kwa moyo mweupe. Na wakati wa palizi utakuwa shambani kwako mwenyewe.

Maswali ya mazungumzo

1. Kaya yako hula debe ngapi kwa mwezi? Piga hesabu ya mwaka mzima.
2. Kwa nini njaa huzaa njaa?
3. Nani katika darasa letu atashika daftari la ngoma? Kwa nini mmemchagua?
4. Andika vitu vitano vinavyotakiwa siku ya ngoma.