Mfereji wa Paa Unaovuja Kati ya Nyumba Mbili: Maswali na Majibu

Mfereji unaopokea maji ya nyumba mbili zinazoshikana huvuja wapi?

Mara nyingi ni kwenye kiungio kilicho juu ya ukuta wa pamoja. Hapo hukutana vipande viwili vya bati ambavyo pengine vilifungwa na mafundi tofauti, kwa miaka tofauti. Bugarama, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika kati ya Bujumbura na Rumonge, jua la kiangazi huchoma bati mchana kutwa, kisha usiku linapoa. Mfereji wa bati wenye urefu wa mita 10 hurefuka karibu milimita 5 joto lake linapopanda kwa nyuzi 40. Wa plastiki hurefuka zaidi ya milimita 20. Ndiyo maana saruji iliyopakwa kwenye kiungio haidumu: bati linacheza, saruji haichezi, ufa unatokea.

Chanzo hutambuliwaje?

Kwanza mfereji husafishwa wote, upande huu na ule, kwa kuwa majani na vumbi vya nyumba moja husimamisha maji ya nyumba ya pili. Kisha ndoo ya maji humwagwa taratibu kwenye ncha ya juu, huku mtu mmoja akitazama kila upande. Maji yakidondoka kiungioni, kiungio ndicho kibovu. Yakituama katikati, mteremko umepotea, na kuziba tundu hakutasaidia kitu. Yakimwagwa juu ya paa yakapita nyuma ya mfereji na kulowesha ubao wa pembeni mwa paa, basi mabati ya paa ni mafupi, hayafiki ndani ya mfereji.

Kiungio huzibwaje kikadumu?

Kazi hufanywa bati likiwa kavu kabisa. Kutu na gundi ya zamani husuguliwa kwa brashi ya waya hadi bati lionekane. Vipande hulaliana angalau sentimita 10, na kile cha juu ya mkondo hukaa ndani ya kile cha chini. Vikilazwa kinyume, maji huingia kwenye mshono wenyewe. Silikoni hupakwa katikati ya vipande kabla ya kufungwa kwa ribiti, kisha juu ya mshono na juu ya kila ribiti. Silikoni inayonuka siki haifai, kwa sababu asidi yake hula zinki ya bati.

Halafu mteremko hurekebishwa: milimita 5 kwa kila mita zinatosha. Mpira mwembamba wenye maji hupima vizuri kwa bei ndogo. Vishikio viwe kila mita moja au karibu zaidi, kwa sababu mfereji uliojaa maji ni mzito. Fundi anayeziba upande wa mteja wake tu amefanya nusu ya kazi, hata kama nusu hiyo ni safi.

Kwa nini tone dogo lishughulikiwe haraka?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 juu ya mapaa mawili ya mita za mraba 40 kila moja hushusha lita 1,600. Sehemu ya maji hayo ikiangukia ukuta wa matofali mabichi, tofali hulainika na kumomonyoka, na ukuta wa pamoja ndio unaobeba kenchi za nyumba zote mbili. Hili halistahili kusubiri.

Nani hulipa?

Mfereji ukihudumia mapaa yote mawili, haki ni kugawana gharama kulingana na ukubwa wa paa la kila mmoja. Tena kila mmoja anawajibika kwa maji ya paa lake: kanuni ya kutomwaga maji ya paa kwenye kiwanja cha jirani ni ya zamani. Imo katika kifungu cha 681 cha Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804. Nchini Burundi majirani wasipoelewana, bashingantahe, yaani wazee wasuluhishi wa kimila, huweza kuwasikiliza kabla ya shauri kufika mahakamani. Afadhali makubaliano yaandikwe mapema: nani anasafisha, lini, na bomba la kushushia maji litakaa upande gani.

Matengenezo yafanywe lini?

Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijarudi. Mvua zikikuta mfereji unavuja, kipande cha bati kilichopakwa lami huziba kwa muda tu.

Maji yaelekezwe wapi?

Tangi la pamoja ni zuri, mradi maji ya kwanza yanayosafisha paa yamwagwe na tangi lifunikwe mbu wasizalie humo; ya kunywa yachemshwe. Yasipohifadhiwa, yapokewe na mtaro wa mawe. Ardhi ya Bugarama hupanda kwa ukali kutoka ziwani kuelekea miteremko ya Mumirwa, na bomba linalomwaga ardhini wazi huchimba korongo linaloishia kwenye nyumba ya tatu, ya mtu aliye chini zaidi.