Jina Lililokwanguliwa

Zamani, kabla ya kuwako mitambo ya kupiga chapa, Maandiko Matakatifu yalinakiliwa kwa mkono. Katika nyumba za watawa za Wearmouth na Jarrow, nchini Uingereza, Ceolfrith, mkuu wao, aliagiza Biblia nzima inakiliwe mara tatu kwa Kilatini. Watawa waliandika juu ya ngozi, neno kwa neno. Aliyekosea alikwangua wino kwa kisu, akaandika tena. Kwao kazi hii ilikuwa ibada.

Mwaka 716 Ceolfrith, naye amekwisha kuwa mzee, alishika njia ya Roma, ili aitoe Biblia moja kuwa zawadi kwa Mtume Petro. Lakini alifariki njiani, katika mji wa Langres, Ufaransa.

Baadaye mtu alilikwangua jina lake kitabuni, akaandika jingine. Hata karne ya 19 ndipo wataalamu walipotambua ni nani aliyekitoa.

Kitabu hicho kingali kimehifadhiwa Florence, nchini Italia, chenye kurasa zaidi ya 2,000. Wengi wa walioandika hawakutia majina yao. Lakini neno walilolinakili lasomeka hata leo.

Maswali
1. Kwa nini Ceolfrith hakufika Roma?
2. Afanyaye kazi njema bila kutajwa jina amepoteza nini?