Somo la leo: Ujue msungu kabla hujasafisha shamba

Leo tuongelee kichaka ambacho wengi tunakipita bila kukijua: msungu. Kitaalamu ni Acokanthera schimperi. Wamasai wanakiita olmorijoi. Wawindaji wa Afrika Mashariki walikichemsha kupata sumu ya mishale.

Utakitambuaje?
Ni kichaka au mti mdogo, hupenda vilima vya mawe na vichaka vikavu. Hubaki kijani hata kiangazi. Majani ni magumu, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana, na ncha imechongoka. Ukivunja tawi, unatoka utomvu mweupe. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo na yananukia. Matunda yakiiva huwa zambarau iliyokolea.

Sumu yake
Iko kwenye majani, magome, mizizi na matunda mabichi. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitoa sumu hii, uabaini, kwenye mti wa jamii hiyohiyo. Inavuruga mapigo ya moyo, na ng'ombe anaweza kufa ghafla.

Tatizo ni sisi
Ng'ombe aliyeshiba kwa kawaida haugusi, maana ni mchungu. Lakini kiangazi unafungua shamba jipya, unakata vichaka, matawi unayatupa karibu na zizi. Ng'ombe ana njaa, anaona kijani. Hapo ndo hasara inaanza. Na usidanganyike: jani likikauka, sumu bado imo.

Fanya hivi:
1. Kagua eneo kabla ya kukata. Waulize wazee, wengi wanaujua.
2. Matawi yapeleke mifugo isipofika. Usiyatumie kuchomea mishikaki wala kukorogea chakula.
3. Anayekata majani ya ng'ombe wa ndani muoneshe msungu kwa macho, usimwelekeze kwa maneno tu.
4. Ng'ombe akidhoofika, akihara au akihema kwa shida, mwondolee majani hayo, usimswage, mwite daktari wa mifugo haraka.
5. Akifa ghafla, usikimbilie kusema "ni msungu". Kimeta nacho huua ghafla, na kinaambukiza watu. Usimpasue, usimchune, usile nyama. Mwite kwanza afisa mifugo.

Ng'ombe wa maziwa ni mtaji. Usimpoteze kwa mzigo mmoja wa matawi.

Kazi njema!