SOMO LA WIKI: Mashine ya kukodi ni gharama au ni deni?

Wafanyabiashara wawili wa Mpanda, mkoani Katavi, wanaweza kukodi mashine za kukoboa mpunga kwa masharti yaleyale, lakini hesabu za mmoja zikaonyesha deni na za mwenzake zisionyeshe. Sababu ni kiwango cha uhasibu.

Tuseme mkataba ni wa miaka 5, kodi ni Sh. 1,000,000 kila mwisho wa mwezi, na mashine yenye uhai wa miaka 15 itarudishwa kwa mwenyewe.

Kwa kiwango cha IFRS cha kampuni ndogo na za kati, huu ni ukodishaji wa kawaida. Kodi huandikwa kama gharama, mizania haiguswi. Kama mkataba ungemwachia aliyekodi umiliki, ungekuwa ukodishaji wa kifedha, na mashine pamoja na deni vingeingia kwenye mizania.

Kwa IFRS kamili, inayotumiwa na kampuni za Soko la Hisa la Dar es Salaam, mgawanyo huo uliondolewa kwa mkodi tangu Januari 1, 2019, IFRS 16 ilipochukua nafasi ya IAS 17. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, deni la karibu Sh. milioni 39 litaandikwa. Mikataba isiyozidi miezi 12 yaweza kuachwa nje.

Hivyo, kabla ya kukopesha au kununua hisa, soma maelezo ya hesabu na uulize kodi iliyobaki. Mizania safi hailipi kodi ya mwezi.