Konokono wa Tangini na Suala la Kumpa Jina

Utangulizi

Katika nyumba za kale za Mkomani, mtaa wa kaskazini wa mji wa Lamu, birika la maji lilijengwa kwa mawe na chokaa, na wenyeji walizoea kutia humo visamaki ili wale viluwiluwi wa mbu. Kwa hiyo kufuga viumbe katika maji ya nyumbani si jambo geni kwa Waswahili. Hata hivyo, konokono aliyeenea mno katika matangi ya kioo ya samaki wa mapambo, Melanoides tuberculata, hana jina mahususi katika Kiswahili sanifu. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo una madhara.

Sifa zake

Konokono huyu alielezwa kisayansi na O. F. Müller mwaka 1774. Gamba lake ni refu, limechongoka, na kwa kawaida hufikia milimita 20 hadi 30. Mchana hujifukia mchangani. Usiku hutoka kula miani na mabaki. Jike huweza kuzaa pasipo dume, tena huzaa watoto hai wenye magamba tayari. Ndiyo maana mmoja tu akiingia tangini, hujaza tangi zima.

Tatizo la istilahi

Wauzaji wa nchi za nje humwita tarumbeta la Malaysia. Tukitafsiri jina hilo neno kwa neno, tutakuwa tumemfanya mgeni kiumbe ambaye asili yake ni Afrika pamoja na kusini mwa Asia. Mgeni halisi ni Pomacea canaliculata wa Amerika Kusini, aliyegunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea mwaka 2020.

Lugha yetu haikosi uwezo. Kwa viumbe wa baharini tunayo maneno kama vile kome, kombe, chaza, kauri na simbi. Lakini kwa maji baridi, karibu wote ni konokono tu. Hapo ndipo penye hatari, kwani konokono wa jenasi ya Bulinus hubeba minyoo ya kichocho cha mkojo, na wale wa Biomphalaria hubeba ya kichocho cha matumbo. Melanoides habebi minyoo ya kichocho, ingawa hubeba minyoo mingine. Tena, katika visiwa kadhaa vya Karibi alitumiwa kushindana na wabebaji wa kichocho. Mwalimu akisema "epukeni konokono", ameonya, lakini hajafundisha.

Mapendekezo

Tunapendekeza majina yatokane na umbo. Shika gamba, ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa kulia, na gamba likiwa refu lenye mizunguko mingi, ni konokono parafujo, yaani Melanoides. Mdomo ukiwa kushoto na gamba likiwa fupi, ni konokono kushoto, yaani Bulinus. Gamba likiwa bapa kama sahani, ni konokono bapa, yaani Biomphalaria. Kwa kuwa wapo konokono wengine wanaofanana nao, majina haya ni mwanzo wa utambuzi, si mwisho wake.

Hitimisho

Istilahi njema humwezesha msemaji kutofautisha linalodhuru na lisilodhuru. Wanafunzi wa Kiswahili tusiwaachie wanabiolojia kazi hii peke yao. Twende visimani na mitoni, tuwaulize wazee majina waliyonayo, kisha ndipo tuunde mapya.