Sukari ya mama inatoka wapi?

SWALI: Daktari, mama yangu ana kisukari. Chai anakunywa bila sukari na soda hagusi, lakini akipima saa mbili baada ya chakula cha jioni, sukari iko juu. Anakula ugali wa dona na mchicha tu. Hiyo sukari inatoka wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Inatoka kwenye ugali huohuo. Wengi huwa hawalipendi jibu hili, maana ugali hauna utamu. Basi mpe mama kitonge kidogo bila mboga, akitafune dakika nzima kabla ya kumeza. Utamu utaanza kuja taratibu. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho huanza kuukata wanga mdomoni.

Wanga ni glukosi zilizoshikana kwa mamia na maelfu, na kila moja, ikiwa peke yake, ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Zikiwa zimeshikana, ulimi hauna habari nazo. Utumbo ukishazitenganisha, huingia kwenye damu. Sukari ya kwenye kopo, ambayo mama ameiogopa kwa haki kabisa, nusu yake tu ndiyo glukosi. Nusu nyingine ni fruktosi.

Cha ajabu, hata selulosi, zile nyuzinyuzi za mchicha, imejengwa kwa glukosi. Imeunganishwa kwa namna ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuikata. Ng'ombe anaifaidi kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake. Sisi hutupita tu, haipandishi sukari.

Dona ina nafuu kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Ni nafuu, lakini wanga bado ndio sehemu kubwa ya unga wake, na sahani iliyojaa dona itapandisha sukari vilevile. Ugali uwe robo ya sahani, mboga za majani nusu, robo iliyobaki maharage, dagaa au samaki.

Ila kama anatumia insulini au vidonge, asipunguze ugali ghafla kabla ya kuongea na kliniki yake. Dozi iliyopangiwa chakula kingi inaweza kuishusha sukari hadi atetemeke, atoke jasho, hata azimie. Kwa wiki moja aandike vipimo vya kabla ya kula na vya saa mbili baadaye, pamoja na alichokula, kisha aende na daftari hilo kliniki.